Mwaka Niliokimbia Futari

Rajab alikufa asubuhi, na kufikia alasiri alikuwa ameshalazwa kaburini, ubavu wa kulia, uso umeelekea Makka. Nilikuwa hapo. Mwanawe alinipigia simu nikiwa nakunywa chai hapa kwangu Kimumu, akasema, "Mzee Barnaba, baba ametuacha," na mimi sikumuuliza mazishi ni lini. Nilitafuta kofia, nikachagua viatu ambavyo mtu anaweza kuvua bila kuinama sana, maana haya magoti yangu yamekuwa na kiburi, nikatoka. Chai ikabaki mezani. Kesho yake wazee wa kanisa letu wakaja kunipa pole, kwa sababu wote walijua Rajab alikuwa rafiki yangu tangu ujana. Wakakaa, wakapewa chai, mwenyekiti akaanza mipango: tuunde kamati, tutafute hema, tuongee na watu wa mochari. Nikamwambia, "Mwenyekiti, Rajab alizikwa jana." Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Jana gani? Si jana ndiyo amekufa?" "Ndiyo hiyo hiyo jana." "Sasa hata ng'ombe hakuchinjwa? Hata hotuba?" Nikacheka. Nilikuwa na huzuni kabisa, lakini nilicheka, halafu nikaona haya, halafu nikacheka tena kwa sababu Rajab mwenyewe angecheka mpaka ashike mbavu.

Pale kaburini kijana mmoja aliniona nikichota udongo kwa mikono na kuurusha taratibu kama wengine, kisha nikasimama kando wakati wa dua, kofia kichwani, mdomo kimya. Akamnong'oneza mwenzake, na masikio yangu bado ni mazima kuliko magoti, "Huyu mzee Mkalenjin alifundishwa na nani?" Sikugeuka. Lakini niwaambie ukweli, moyo wangu ulisimama wima kama askari. Mimi ni Mkristo, nilibatizwa nikiwa na akili zangu, sijabadilika na sitabadilika. Hata hivyo kuna mwaka mmoja nilikaa kati ya Waislamu, nchi ya watu, na vitu nilivyojua mwaka ule sikuvipata shuleni. Shule yenyewe niliacha darasa la tatu. Kwa hivyo mkiona nimeandika neno vibaya, songeni mbele, mtanielewa tu.

Habari za ukoo wetu sielezi hapa, nani alizaa nani na nani alinyang'anywa shamba gani. Nataka huo mwaka. Ilikuwa wakati ule, baada ya Uhuru, wazungu wa upande wa Turbo walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na mimi nilikuwa kijana wa kazi katika shamba moja karibu na Chepsaita, taniboi wa kombaini, ile mashine ya kuvuna ngano. Taniboi wa kombaini ni mtu wa kupaka grisi, kushona magunia, kuingia chini ya mashine majani yakikwama, na kutukanwa. Kiti cha kombaini sikuwa nimekikalia hata injini ikiwa imezimwa. Nilikuwa nakipanguza vumbi kila asubuhi kwa kitambaa, vile mtu anapanguza kitu ambacho si chake. Mzungu wetu tulimwita Masharubu, na ukimwona ungejua kwa nini. Wenzake walirudi kwao Ulaya, yeye akapata kandarasi ya kuvuna mtama Sudan, mashariki, karibu na mji unaoitwa Gedaref. Akapakia mashine kwa meli, akachukua watu wawili: Rajab aliyekuwa fundi wake, na mimi. Akaniambia, "Barnaba, huko utakaa kwenye kiti." Basi. Kwa maneno hayo ningeenda hata mahali hakuna njia.

Rajab alikuwa Mnubi wa Ravine. Babu zake walitoka Sudan na jeshi la Waingereza zamani, wakaachwa Kenya, na Kinubi wanachoongea ni kama mtoto wa Kiarabu aliyelelewa na jirani. Kule Gedaref watu walimsikia wakacheka, "Kiarabu chako kimevunjika miguu yote minne," lakini walimwelewa, na yeye ndiye alikuwa mdomo wangu na masikio yangu miezi ya kwanza. Tulikaa kambini, kibanda cha nyasi chenye vitanda viwili vya kamba, mtungi mkubwa wa udongo mlangoni unaotoa jasho maji yakawa baridi, na harufu ya dizeli kwa kila kitu mpaka kwa mkate. Nchi ni tambarare hata kuliko kwetu. Mtu wa Uasin Gishu amezoea kuona ukingo wa milima mahali fulani, hata mbali. Huko ni udongo mweusi uliopasuka, mtama, na anga. Na kazi yao ilinishangaza. Kwetu kombaini ndiyo inafuata ngano shambani. Huko watu wanakata mtama kwa mkono, wanaurundika, kombaini inasimama mahali pamoja, watu wanailisha kwa uma na mikono, nayo inapura. Mashine inalishwa kama mtoto. Nilimwambia Rajab, "Hii si kombaini sasa, hii ni mke wa tajiri." Akaniambia nisirudie hayo mbele ya watu.

Shamba lote na bwawa la maji vilikuwa vya mzee mmoja, Haj Tahir. Mtu mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe, kilemba kikubwa sana cheupe ambacho ukikikunjua kinaweza kufunika kitanda na kikabaki. Alikuja siku ya kwanza akatuangalia, akaweka mkono kifuani, akaenda. Bila yeye hakuna mtama, hakuna maji, hakuna kandarasi. Hilo Masharubu alilijua vizuri. Alikuwa anamwamkia Haj Tahir kwa adabu ambayo sisi huku Chepsaita hatukuwahi kuionja.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia katikati ya mavuno. Rajab alinikalisha kitandani akanipa mafundisho. Usile mbele ya watu mchana. Usivute sigara karibu na wanaolisha mashine. Mtu akiswali usipite mbele yake, zunguka nyuma. Ukisalimia mwanamke, weka mkono kifuani, usimnyooshee mkono kama uko sokoni Eldoret. Usishike chakula na mkono wa kushoto. Nikayashika yote kichwani. Lakini hakuniambia juu ya barabara, na sikumlaumu, kwa sababu hata yeye hakujua. Ravine hawafungi barabara.

Siku moja Masharubu alinituma mjini na pikapu kuchukua dizeli na mikanda ya mashine. Nikachelewa, mapipa yalijazwa polepole, watu wamefunga na jua ni kali, hakuna wa kukimbizwa. Wakati wa kurudi jua lilikuwa linaingia, jekundu, mbele yangu kabisa. Niko peke yangu, barabara ya udongo, mabua ya mtama huku na huku. Mbele naona watu. Wanaume, kanzu nyeupe, wamejaa barabarani. Wawili wamesimama kando, mmoja huku, mmoja huku, wamenyoosha kitambaa kirefu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na katikati mzee ameinua fimbo juu, anapiga kelele. Wengine wanakimbia kuja kwa gari, mikono juu. Sasa wewe, mtu wa kwetu, umelelewa na hadithi za wezi wa ng'ombe na watu wanaofunga barabara ya kaskazini kwa magogo, ungefikiria nini? Na nchi ile ilikuwa na vita, mbali, upande wa kusini, lakini mtu kama mimi, na jina la Barnaba, la Kikristo kama ya wengi wa huko kusini, alikuwa anaangaliwa mara mbili. Nikasema, Mungu wangu, ndiyo siku yenyewe. Nikakanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa bati.

Waliruka. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba waliruka wote. Kitambaa kilinasa mbele ya gari kikang'oka mikononi mwao, gurudumu la kushoto likapanda kitu kandokando ya barabara, nikasikia mlio wa masinia, kwang'alang'ala, na sauti moja nyembamba ikiita nyuma yangu. Sikuangalia kioo. Nilifika kambini, nikashuka, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kujisifu. "Rajab! Nimeponyoka majambazi! Walikuwa wengi, wana fimbo, wamefunga njia, nimepita katikati yao kama risasi!" Rajab alizunguka gari na taa. Akavuta kile kitambaa kilichojifunga kwenye bampa, akakinusa. Kilikuwa kinanukia udi. Akainama kwa gurudumu, akagusa kitu cheupe kilichoshika mpira, akakionja kwa ncha ya ulimi.

"Barnaba," akasema, "hawa majambazi wako wanabeba ugali?"

Rajab akakunjua kitambaa, kikaenda, kikaenda, hakiishi. Kilikuwa kilemba cha Haj Tahir. Asubuhi tulielezwa na mtu wake aliyekuja na punda. Katika mwezi wa mfungo, wanaume wa huko hawafuturu ndani ya nyumba zao. Kila mmoja anatoka na sinia lake, wanatandika mikeka kando ya barabara, na jua likikaribia kuzama wanafunga njia kwa vilemba, ili gari lolote, msafiri yeyote, asikutwe na magharibi akiwa hana chakula. Hawakuulizi unataka au hutaki. Wanakushusha. Wanabishana na jirani nani atakupata. Mimi nilikuwa nimewakimbia watu waliotaka kunilisha, nikakanyaga chakula cha watu waliokuwa hawajameza hata mate tangu alfajiri.

Masharubu hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha. Alivuta masharubu upande mmoja akasema, "Haj akisema uondoke, unapanda treni. Na huko nyumbani sina kazi ya kukupa." Nikajua maana yake. Wiki ileile ndiyo alikuwa ameniweka kwenye kiti. Nilikuwa nimekaa hapo juu siku chache tu, mkono kwenye mtambo, watu wananitazama kutoka chini wakingoja niwashe, na sasa nirudi Chepsaita nikiwa mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya kukanyaga futari ya wazee. Nilikifua kile kilemba mwenyewe, kwa sabuni ya kipande na maji ya bwawa, nikakipepea kwenye jua mpaka kikakauka, lakini doa la grisi lilibaki, jeusi, ukubwa wa kiganja.

Tulienda kwa Haj Tahir mimi na Rajab, wakati wa alasiri. Ua wa udongo uliofagiliwa ukaachwa na mistari ya ufagio, vitanda vya kamba kivulini, mitungi ya maji, kuku, na nyuma ya ukuta wa mabua sauti za wanawake na moshi wa kitu kinachookwa. Mzee alikuwa amekaa, kichwani kofia ndogo tu. Kumwona bila kilemba niliona kama nimemvua nguo. Nikavua viatu, nikaweka mkono kifuani, nikamsogezea kilemba kwa mikono miwili. Aliangalia doa. Akalisugua kwa kidole. Kisha akaanza kuuliza, na Rajab akinigeuzia kila neno.

"Ulifikiri tunataka nini?"

"Maisha yangu, Mzee."

Nyuma ya ukuta wanawake wakapasuka kicheko. Mmoja, baadaye nilijua ni mkewe Haj, Mama Zeinab, akasema kitu na wakacheka zaidi. Rajab aliuma midomo. "Anasema nini?" nikamuuliza. "Anasema maisha yenyewe ni membamba hivyo, wangefanyia nini." Haj Tahir hakucheka. Akaendelea.

"Gari ikisimamishwa kwenu, haisimami?"

"Kwetu ikisimamishwa jioni na watu wenye fimbo, Mzee, haisimami."

"Na hukuona sinia?"

"Niliona fimbo."

Nikaona nijitetee vizuri zaidi, nikasema, "Tena mimi si Mwislamu, Mzee, wala sikuwa nimefunga. Sikujua kama chakula kile kinanihusu." Hapo ndipo alikasirika, kwa mara ya kwanza, akapiga fimbo chini, vumbi kidogo likaruka. "Nilikuuliza kama umefunga? Nilisimamisha gari!" Kisha akatulia, akapitisha mkono kwenye ndevu, akatoa hukumu. Kila siku, mpaka mwezi uishe, jua likikaribia kuzama nitakuja barabarani, nitakaa mkekani kwake, nitakula. Si kambini, si ndani ya nyumba, hapo hapo barabarani ambapo kila mtu aliyeruka siku ile ataniona. Mwezi ukiisha atamwambia Masharubu kama ananitaka kwenye ardhi yake au hanitaki. Rajab aliponigeuzia nilidhani amekosea. Nikamwambia, "Muulize tena. Adhabu ni kula?" Rajab akasema, "Nyamaza ukubali kabla hajabadilisha."

Masharubu ndiye alipinga. Alitaka mashine ipure mpaka giza liingie, mtama ulikuwa umerundikwa na alikuwa na haraka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuongea na Mzungu nikiwa nimesimama wima. Nikamwambia, "Bwana, mashine hii inalishwa. Hao wanaoilisha wanaenda kufuturu. Nani atailisha?" Msimamizi wa wapuraji alikuwa ameshatuambia watu wake wana nguvu alfajiri, wakiwa wametoka kula daku na kuswali, na adhuhuri wanaanguka. Kwa hivyo tukapanga upya: tunawasha kukiwa bado na baridi, tunazima jua likiwa kichwani, tunarudi kidogo baada ya alasiri, tunafunga kabla ya magharibi. Masharubu alinung'unika siku mbili tatu. Kisha akaona marundo yanapungua, magunia yanapanda, akaacha kunung'unika akaanza kusema mpango huo ni wake. Hakuna shida. Mimi nilikuwa kwenye kiti.

Sasa niwaambie kuhusu ule mkeka. Siku ya kwanza nilikaa pembeni kabisa, matako nusu mkekani nusu mchangani. Wanaume walikuja mmoja mmoja na masinia vichwani, wakayapanga katikati, na hakuna aliyejua tena lipi ni la nani. Wakakaa kimya wakiangalia jua. Nimekaa na watu wengi makanisani, lakini ukimya wa watu wenye njaa wanaosubiri pamoja, chakula kiko mbele yao, kinafuka moshi, na hakuna anayenyoosha mkono, huo sikuwa nimeuona. Mwadhini akaita kwa mbali. Tende, maji, kisha wakapitisha bakuli la kinywaji chekundu. Nikaleta puani, nikarudisha nyuma. Ilikuwa harufu ya mtama uliooteshwa, chachu, ileile ya pombe ya wazee wetu nyumbani! Nikamnong'oneza Rajab, "Hawa wanafunga mchana kutwa halafu wanafungulia na pombe?" Rajab alicheka tende ikamtoka. Kumbe wanawake huotesha mtama, wanausaga na viungo, wanauoka juu ya bati kuwa karatasi nyembamba, ndio ule moshi niliounusa nyuma ya ukuta, kisha wanaloweka kwa maji na sukari. Hilumuru wanaita. Hakuna kilevi hata tone. Nikanywa. Nikanywa tena. Mpaka leo sijapata kinywaji kama kile, na pombe nayo, kabla sijaokoka, niliijua vizuri.

Halafu asida, ugali wao wa mtama, laini, umepinduliwa kama kilima kidogo katikati ya mchuzi wa nyama kavu na bamia unaoteleza. Mkono wa kulia, unachota upande wako, huruki upande wa mwenzako. Mtu aliyeruka nisimgonge siku ile alikuwa amekaa kando yangu. Alivunja kipande cha nyama, kikubwa, akakisukuma kuja upande wangu bila kuniangalia. Nami bila kumwangalia nikakila. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yangu na msamaha wake, na sijawahi kuona kesi iliyokwisha vizuri hivyo, hata kwa chifu.

Siku hizi vijana wa hapa wanaenda Katari, Dubai, wapi, kukimbia mbio, kulinda mageti, kufanya kazi za nyumba. Mjukuu wangu mmoja anajitayarisha sasa, na ananisomea kutoka kwenye simu: babu, usivae hivi, usimpige mtu picha, usile hadharani mwezi wa mfungo. Namwambia ni vizuri, shika hayo. Lakini hayo ni ya kutokosea, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kukosea na asijue yuko kwa nani. Mimi nilikosea mbele ya kijiji kizima ndipo nikaanza kuwaona. Si kwamba namshauri akanyage masinia. Anajua ninachosema.

Katikati ya mwezi nikajaribu ujanja. Nikaona nikifunga kama wao, Haj atanipenda na kesi yangu itakuwa nyepesi. Nikafunga siku moja, juu ya kombaini, jua la Gedaref, vumbi la mtama kooni. Kufikia alasiri nilikuwa naona mashine mbili. Magharibi Haj aliniona midomo imepasuka, akauliza, na kufikia hapo nilikuwa na Kiarabu changu kidogo cha kujibu mwenyewe.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Haj."

"Umemfungia nani?"

"Wewe."

"Basi kesho kula," akasema. "Mimi si wa kufungiwa."

Watu walicheka, lakini yeye aliweka mkono begani kwangu wakati anasema. Nililala na hayo maneno. Sijasikia mhubiri akieleza sala na mfungo kwa ufupi namna hiyo, na nimesikiliza wahubiri wengi, wengine na vipaza sauti. Kutoka siku hiyo nilikula mchana nyuma ya mapipa ya dizeli, kimya, kwa adabu, na msimamizi wa wapuraji akipita anasema, "Kula, Barnaba, lakini tafuna ukiangalia ng'ambo."

Mwezi ukaanza kwisha. Watu waliangalia angani kutafuta mwezi mwandamo na mimi niliangalia uso wa Haj Tahir, maana hakuwa amesema lolote. Rajab alimuuliza mara moja kwa njia ya mzunguko, Haj akajibu kwamba chai imepoa. Masharubu alikuwa ameshauliza habari za treni, hakunificha, alisema mtu lazima ajipange. Jioni ya mwisho, ikiwa haijajulikana bado kama kesho ni Idi, Haj Tahir alifungua kilemba chake, kile chenye doa, akampa mtu mmoja ncha moja. Ncha nyingine akanipa mimi. Nikavuka barabara nikakinyoosha, nikakikaza. Lori likaja kutoka upande wa Kassala. Mzee akainua fimbo, sisi tukapiga kelele, na dereva, ambaye alikuwa na akili kuliko mimi, akafunga breki akacheka.

Wakashuka wafanyabiashara, mmoja mnene, saa ya dhahabu mkononi, kanzu iliyopigwa pasi hata baada ya safari yote ile. Tukawanawisha mikono, tukawakalisha. Kazi ya kugawa tende ilikuwa yangu siku hiyo. Nikamfikia yule mnene, nikamnyooshea sahani. Aliangalia mkono wangu, akaangalia uso wangu, akauliza hewani, si mimi, "Huyu anatoka wapi?" Mtu akamjibu, "Kenya." "Jina?" "Barnaba." Akaurudisha mkono wake nyuma, taratibu, akaufuta kwenye kanzu ingawa ulikuwa safi. Akamwambia Haj Tahir, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake, "Haj, mwezi mtukufu. Huyu si wa mkeka huu. Mwambie akae kule na madereva."

Mwadhini alikuwa hajaita. Kila mtu alisikia. Rajab aliniangalia, mimi nikaangalia sahani. Nilijua kwamba sasa itasemwa, ile hukumu niliyoingojea mwezi mzima, na itasemwa mbele ya watu kwa sababu huyu mtu ameilazimisha. Nikaanza kuinuka, goti moja juu. Wakati huo magoti yalikuwa mazima.

"Kaa," Haj Tahir akaniambia. Kisha akamgeukia yule mnene, wala hakupandisha sauti. "Ndugu yangu, umechanganya. Mgeni hapa ni wewe. Huyu ndiye mwenyeji wako, yeye ndiye amekusimamisha barabarani. Ukitaka kukaa mahali pengine, yeye ndiye wa kumwomba ruhusa."

Hapo hapo adhana ikapanda. Hakuna aliyegusa chakula. Watu wote waliokaa kwenye ule mkeka, na njaa yao yote ya siku ya mwisho, walikuwa wameweka mikono magotini wakimngoja yule mnene, na yule mnene alikuwa ananingoja mimi. Nikasogeza sahani karibu naye, mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa.

"Karibu, mzee," nikamwambia kwa Kiarabu changu. "Futuru."

Akachukua tende.